Ndege za Kasi za Uingereza Kati ya Vita Viwili: Sehemu Tatu za Kuzitazama, na Ipi Inastahili Nauli Yako

Msomaji anayeishi Uingereza, au anayepita huko kwa masomo na shughuli nyingine, na ambaye amewahi kusikia habari za ndege za majini zilizogombea Kombe la Schneider, ana sehemu tatu za kwenda: Solent Sky mjini Southampton, Jumba la Makumbusho ya Sayansi jijini London, na mkusanyo wa Shuttleworth katika kijiji cha Old Warden, Bedfordshire. Nimezitembelea zote tatu kwa nyakati tofauti, na katika tathmini hii ninazipima kwa swali moja tu: ni wapi mtu asiye mhandisi anaweza kuelewa, kwa macho na masikio yake mwenyewe, jinsi Waingereza walivyoisaka kasi ya angani kati ya vita viwili vya dunia? Jibu langu huenda likawashangaza wapenzi wa mashindano yale, kwa kuwa mahali ninapopapa alama za juu kabisa hapana hata ndege moja iliyowahi kugombea kombe hilo.

Kabla ya kuingia mlangoni, ni vizuri kujua mashindano yenyewe yalikuwa nini. Jacques Schneider, Mfaransa wa ukoo wa wenye viwanda, alitangaza zawadi yake mwezi Desemba 1912 akitumaini kuhimiza utengenezaji wa ndege za majini zitakazobeba watu na mizigo. Kilichotokea ni kinyume chake, kwa sababu mashindano yaligeuka mbio tupu za kasi, na kila nchi iliyoshiriki ikaleta ndege isiyofaa kwa kazi nyingine yoyote. Mwaka 1913 huko Monaco mshindi, Maurice Prévost, aliandikiwa wastani wa kilomita 73 kwa saa. Mwaka 1931, katika mlango-bahari wa Solent, mshindi alikuwa na wastani wa kilomita 547 kwa saa. Kanuni ilisema kwamba nchi itakayoshinda mara tatu ndani ya miaka mitano italichukua kombe moja kwa moja, na Uingereza ilifanya hivyo kwa ushindi wa 1927 mjini Venice, wa 1929 na wa 1931.

Wageni wengi huuliza kwa nini ndege zenye maboya mazito ya kuelea zilikuwa na kasi kuliko ndege za nchi kavu. Sababu ni bahari yenyewe. Ndege ya kasi inahitaji mabawa madogo, na mabawa madogo hayawezi kuinua uzito mpaka ndege iwe imeshakimbia sana. Zama hizo viwanja vilikuwa vya nyasi na vifupi, na pangaboi, ile feni ya mbele inayoivuta ndege, lilikuwa la pembe isiyobadilika, lililochongwa kwa ajili ya mwendo wa juu na hivyo dhaifu wakati wa kuondoka. Juu ya maji rubani alipewa njia ya kurukia isiyo na mwisho, akaweza kukimbia kilomita kadhaa kabla ya kunyanyuka. Uzito wa maboya ulilipwa na udogo wa mabawa. Ukilijua hilo tu, nusu ya maelezo utakayoyasoma ukutani yatakuwa rahisi.

Anza na Southampton. Ni mahali panapostahili kwa kuwa kiwanda cha Supermarine kilikuwa Woolston, ng'ambo ya mto Itchen, na ndege zile zilirushwa kutoka Calshot, penye mdomo wa ghuba ya mji huo. Solent Sky hutunza Supermarine S.6A yenye namba N248, mojawapo ya ndege mbili zilizojengwa kwa ajili ya mashindano ya 1929 na kufanyiwa marekebisho mwaka 1931. Jengo si kubwa, na limejaa ndege kiasi kwamba bawa la moja linakaribia kugusa mkia wa nyingine, lakini msongamano huo una faida yake, kwani unaweza kuikaribia S.6A na kuikagua kwa utulivu, boya kwa boya, kwa namna ambayo picha haiwezi kukupa.

Nakushauri usianze kwa kuitazama kwa mbali ukiusifia umbo lake. Itazame ngozi yake. Injini ya Rolls-Royce R, yenye silinda 12 na ujazo wa lita 36.7, ilitoa nguvu za farasi 1,900 mwaka 1929 na 2,350 miaka miwili baadaye, na joto lililotokana na nguvu hizo lilipaswa kwenda mahali fulani. Rejeta ya kawaida inayochomoza kwenye upepo ingeua kasi yote iliyopatikana. R. J. Mitchell, mbunifu mkuu wa Supermarine, aliamua kwamba ngozi ya mabawa yenyewe iwe rejeta: mabati mawili membamba ya aloi ya alumini, na maji ya moto yakipita katikati yake. Mabawa yalipojaa, sehemu ya juu ya maboya nayo ikafunikwa kwa rejeta. Ile mistari ya mabomba bapa unayoiona ubavuni mwa kiwiliwili ni njia za oili, ambayo ilipelekwa hadi kwenye mkia, ikatiririka ndani ya pezi la wima na kurudi mbele ikiwa imepoa. Mafuta ya kuchoma yalikuwa ndani ya maboya, na boya la kulia lilijazwa zaidi ya la kushoto ili kupambana na nguvu za pangaboi, ambazo zilikuwa zikilikandamiza boya la kushoto majini wakati wa kuondoka. Kwa ufupi, mbele yako pana mtambo wa kupoza ambao umepewa nafasi ndogo ya mtu mmoja kukaa.

Baada ya hapo zunguka hadi mbele na ujiulize rubani aliona nini. Jibu ni kwamba hakuona karibu kitu chochote kilichokuwa mbele yake. Kiwiliwili kilifanywa chembamba kiasi cha kumbana mtu mabega, vifuniko vya silinda vilisimama usoni pake kama vilima viwili, na wakati wa kuondoka maji yaliyorushwa na pangaboi yalikuwa yakimfunika. N248 ina kisa chake katika jambo hili. Katika mashindano ya 1929 ilirushwa na Richard Atcherley, ambaye alipata shida na miwani yake, akakata kona kwa ndani ya nguzo mojawapo ya kugeukia na kuondolewa katika matokeo, ingawa katika safari hiyo hiyo aliweka rekodi za dunia za mzunguko wa kilomita 50 na wa kilomita 100. Aliyeshinda alikuwa H. R. D. Waghorn katika ndege pacha, N247, kwa wastani wa kilomita 528.9 kwa saa. N247 hutaiona popote. Mwezi Agosti 1931 ilimuua Luteni Brinton wa Jeshi la Majini wakati akijaribu kuondoka. Ilidunda juu ya maji, ikapanda na kujibwaga. Miaka mitatu kabla yake, Samuel Kinkead alikuwa amekufa mbele ya Calshot akiwa katika S.5 akitafuta rekodi ya dunia. Ninavitaja vifo hivi kwa sababu ndege iliyong'arishwa vizuri humfanya mtazamaji asahau kwamba ilikuwa hatari hata kwa marubani bora waliochaguliwa mmoja mmoja na Jeshi la Anga.

Ukiwa hapo usiipite Short Sandringham, ile ndege-mashua kubwa iliyokalia sehemu kubwa ya ukumbi, kwa kuwa wageni huruhusiwa kupanda ndani yake. Haikuwa ya mashindano, nayo ni ya baada ya vita, lakini ni ya ukoo wa zile ndege-mashua za Short ambazo kampuni ya Imperial Airways ilizituma kutoka Southampton kuanzia 1937, zikatua Kisumu, Mombasa na Dar es Salaam zikielekea kusini mwa Afrika. Msomaji wa Afrika Mashariki aliyewahi kusikia wazee wakisimulia habari za ndege zilizotua ziwani atafurahi kukaa katika viti vile. Ndicho kitu ambacho Schneider alikitaka tangu mwanzo, na ambacho mbio zake hazikukileta.

Mwenye siku nzima na avuke hadi Calshot. Ngome ya zamani na mabanda makubwa ya ndege bado yapo katika ulimi ule wa changarawe, ingawa mabanda sasa hutumika kwa michezo. Ukisimama pale ukatazama kisiwa cha Wight na meli zikipita, utaelewa kwa nini mzunguko wa kilomita 50, uliorudiwa mara 7, ulichorwa mahali hapo: watazamaji walikuwa na pwani mbili za kusimama na bahari iliyo katikati ilikuwa imekingwa dhidi ya mawimbi makubwa.

London ina kile ambacho Southampton haina, yaani mshindi mwenyewe. S.6B yenye namba S1595 ilirushwa na John Boothman tarehe 13 Septemba 1931 kulichukua kombe moja kwa moja, na tarehe 29 mwezi huohuo George Stainforth akaipeleka hadi kilomita 655.8 kwa saa, akawa mtu wa kwanza kupita maili 400 kwa saa. Jumba la Makumbusho ya Sayansi linaimiliki ndege hiyo pamoja na kombe lenyewe, ambalo ni sanamu ya fedha na shaba ya kiumbe mwenye mabawa akiinamia mawimbi. Pia lina injini ya R iliyotumika katika rekodi. Kiingilio cha kawaida ni bure, na katika jiji la bei zile hilo si jambo dogo. Ni busara kuangalia kwanza kama ukumbi wa ndege uko wazi siku unayokusudia kwenda.

Hata hivyo, kama ni lazima uchague kati ya ndege hizi mbili za Mitchell, mimi ningeitazama ya Southampton kwanza. S.6B ni S.6 ileile iliyoongezewa nguvu na kurefushiwa maboya, na mtu aliyekwisha kuifahamu N248 ataweza kuisoma S1595 kwa haraka, ilhali anayeanza na ya London hushikwa na sifa zake akasahau kuuliza inafanyaje kazi. Sifa zenyewe zinahitaji kupunguzwa kidogo. Mwaka 1931 Boothman hakushindana na mtu. Waitaliano na Wafaransa waliomba mashindano yaahirishwe kwa sababu ndege zao hazikuwa tayari na marubani wao walikuwa wamekufa katika majaribio. Ombi likakataliwa, Uingereza ikaruka peke yake. Ndege ambayo Waitaliano walikuwa wakihangaika nayo, Macchi M.C.72, ilifikia kilomita 709 kwa saa mwaka 1934 mikononi mwa Francesco Agello, na hadi leo hakuna ndege ya majini yenye injini ya pistoni iliyoipita. Ushindi wa Uingereza ni halali, lakini mtu asiondoke London akidhani kwamba hapakuwa na wengine.

Kisa cha fedha, kwa upande mwingine, kinastahili kila neno kinachopewa. Serikali ya Ramsay MacDonald, ikiwa katikati ya msukosuko wa uchumi, ilikataa kugharimia timu ya 1931, na aliyejitokeza ni mjane tajiri, Lucy Houston, aliyetoa pauni 100,000 kwa furaha ya kuiaibisha serikali asiyoipenda. Kwa kuwa fedha zilichelewa, hapakuwa na muda wa kubuni ndege mpya. Ndiyo maana S.6B ni ndege ya 1929 yenye injini iliyokamuliwa hadi tone la mwisho. Kazi kubwa ilifanyika Derby, kwa Rolls-Royce, ambako injini iliendeshwa kwenye jukwaa la majaribio mchana na usiku, ikivunjika na kuundwa upya, ikilainishwa kwa mafuta ya nyonyo ambayo harufu na moshi wake vilihitaji injini nyingine za ndege zipulize hewa ili mafundi waweze kukaa chumbani. Mafuta ya kuchoma yalikuwa mchanganyiko wa benzoli, petroli na methanoli, pamoja na madini ya risasi, uliopikwa na Rod Banks kwa uangalifu kama wa mwuguzi. Na hata baada ya yote hayo, Boothman hakuruka kwa nguvu zote. Alikuwa akitazama kipimo cha joto la maji, na kila kilipokaribia mpaka aliowekewa, alipunguza moto. Wastani wake, kwa maana hiyo, ulikuwa kipimo cha ngozi ya ndege kuliko cha injini.

Karibu na kila ndege ya Schneider, popote utakapokwenda, utasikia kwamba hiyo ndiyo iliyozaa Spitfire, ndege mashuhuri ya kivita ya Waingereza. Ni maelezo matamu, na yana ukweli ndani yake, lakini huruka hatua. Ndege ya kwanza ya kivita ambayo Mitchell aliibuni baada ya mashindano, Type 224 ya mwaka 1934, ilikuwa na mabawa yaliyopinda na magurudumu yasiyoingia ndani, nayo ilishindwa. Spitfire iliruka mara ya kwanza tarehe 5 Machi 1936 bila kuchukua hata kipande kimoja cha S.6B. Kilichorithiwa ni ujuzi: jinsi ya kufinyanga ngozi ya chuma, jinsi ya kuibana injini kubwa katika kiwiliwili chembamba, na jinsi ya kuilisha injini hewa na mafuta bila kuipasua. Kwa upande wa Rolls-Royce urithi unaonekana wazi zaidi, kwa sababu injini ya Griffon, iliyotiwa katika Spitfire za mwisho, ina ujazo uleule wa lita 36.7.

Sasa nifike kwenye ndege zenye mabawa ya tabaka mbili, ambazo katika masimulizi ya Schneider huonekana kama walioshindwa. Kampuni ya Gloster, chini ya mbunifu Henry Folland, iling'ang'ania mabawa ya tabaka mbili wakati Mitchell alikwisha kuyaacha. Hakuwa mjinga. Mabawa mawili mafupi, yaliyofungwa kwa nguzo na nyaya, huwa sanduku gumu na jepesi, na mwaka 1925 bawa moja lisilo na nyaya lilikuwa bado ni kamari: S.4 ya Mitchell, iliyokuwa na bawa la aina hiyo, ilianguka majini huko Baltimore ikiwa na Henri Biard ndani, ambaye alinusurika, wakati Gloster III ya Hubert Broad ilimaliza ya pili nyuma ya Jimmy Doolittle wa Marekani, aliyeruka katika Curtiss ya tabaka mbili. Huko Venice mwaka 1927 Kinkead aliirusha Gloster IVB kwa kasi iliyozidi kilomita 440 kwa saa katika mzunguko mmoja kabla ya kulazimika kuacha, na haijawahi kuonekana ndege ya majini ya tabaka mbili iliyo na kasi kuliko hiyo. Lakini S. N. Webster alishinda siku hiyo kwa S.5 ya bawa moja, na Gloster yenyewe ilipoleta ndege mpya mwaka 1929 ilikuwa imekwisha kuiacha tabaka ya pili. Zile Gloster za mbio hazikubaki. Hilo ni pengo katika makumbusho yote niliyoyataja, na hakuna wa kulaumiwa leo. Zilipochakaa, watu waliona ni vyuma tu.

Lakini nje ya mbio hadithi ilikuwa tofauti, na hapa ndipo Old Warden inapopata alama zake. Katika mwaka uleule wa 1931 ambao Stainforth alipita kilomita 655 kwa saa, ndege mpya ya kivita iliyoingia katika vikosi vya Jeshi la Anga ilikuwa Hawker Fury, yenye mabawa ya tabaka mbili na kasi ya takriban kilomita 333 kwa saa. Ndege ya mbio ilikuwa na kasi karibu mara mbili ya ndege ambayo ingepaswa kuilinda London. Mwezi mmoja baada ya rekodi ya Stainforth, Tiger Moth iliruka mara ya kwanza, ikiwa na nyaya na kitambaa chake, na ikawafundisha kuruka maelfu ya marubani katika vita vilivyofuata. Tabaka mbili zilishindwa katika mbio, zikashinda katika matumizi ya kila siku, na hilo huwezi kuliona mpaka uzione zikifanya kazi.

Old Warden huzirusha. Mkusanyo ulianzishwa na Richard Shuttleworth, kijana tajiri aliyependa magari na ndege za zamani, aliyekufa mwaka 1940 akiwa rubani wa Jeshi la Anga. Mama yake, Dorothy, aliunda amana iliyouendeleza. Uwanja ni wa nyasi, mabanda yako kando yake, na siku za maonyesho ndege husukumwa nje kwa mikono, huwashwa mbele yako na kuruka chini chini kuzunguka watazamaji. DH.60 Moth ya mwaka 1928 ambayo Shuttleworth aliinunua mwaka 1932 bado iko palepale. Moth ndiyo ndege iliyowatoa Waingereza wa kawaida, au tuseme wa kawaida wenye fedha kidogo, kutoka ardhini kwenda angani: mabawa yake hukunjwa nyuma ikaingia katika banda la gari, na injini yake ya kwanza, Cirrus, iliundwa na Frank Halford kwa kuichukua injini ya Airdisco ya silinda 8 na kuikata nusu.

Na hapo bandani ipo ndege yenye Airdisco nzima. Ni DH.51, ndege ya tabaka mbili ya mwaka 1924 ambayo de Havilland aliunda tatu tu, kisha akaiacha kwa kuwa ilikuwa kubwa na ghali kwa mnunuzi wa kawaida, akatengeneza Moth badala yake. Hii ndiyo pekee iliyosalia, na ubavuni mwake pameandikwa Miss Kenya. John Carberry, mlowezi wa Nyeri, aliiagiza, ikasafirishwa kwa meli hadi Mombasa, na ikaruka Kenya mara ya kwanza mwezi Aprili 1926. Ilikuwa ndege ya kwanza kusajiliwa nchini humo, kwa alama ambazo baadaye ziliandikwa VP-KAA. Mwaka 1928 ilinunuliwa na Tom Campbell Black na wenzake, na mwaka uliofuata Campbell Black akawa rubani wa Florence Kerr Wilson alipoanzisha Wilson Airways jijini Nairobi kwa Gipsy Moth moja. Uwanja wa Wilson unabeba jina lake mpaka leo. Miss Kenya ilirudishwa Uingereza mwaka 1965 ndani ya tumbo la ndege ya mizigo ya Jeshi la Anga, ikakarabatiwa, na katika miaka ya 1970 ikaruka tena.

Watembeleaji wengi huipita haraka wakikimbilia ndege nyekundu iliyo karibu nayo, DH.88 Comet iliyoshinda mbio za Uingereza hadi Australia mwaka 1934. Marubani wake walikuwa C. W. A. Scott na huyohuyo Tom Campbell Black. Mtu aliyezoea nyasi za Nairobi na safari za ndege ya tabaka mbili iliyoendeshwa polepole juu ya nyika, ndiye aliyefika Melbourne kutoka Mildenhall kwa muda wa takriban saa 71. Sidhani kuna mahali pengine ambapo historia ya kuruka ya Afrika Mashariki na ile ya mbio za Uingereza zimewekwa chini ya mkusanyo mmoja kwa namna hii, na ningependa kuona Wakenya wengi zaidi wakifika.

Sababu yangu kubwa, hata hivyo, ni sauti. Old Warden ina Hawker Hind, ndege ya mashambulizi ya tabaka mbili iliyotolewa Kabul, baada ya kulitumikia jeshi la Afghanistan, na kuletwa Uingereza kwa barabara mwaka 1970. Injini yake ni Rolls-Royce Kestrel. Kutoka kwa Kestrel Rolls-Royce walikuza injini kubwa zaidi iitwayo Buzzard, na kutoka kwa Buzzard wakaipata R. Injini ya R haiungurumi tena ndani ya ndege yoyote. Ya Southampton na London ni kimya cha makumbusho. Hind inapowashwa na kupita juu ya nyasi, unasikia silinda 12 za V za ukoo ule ule, zisizo na kizuizi cha kupunguza mlio, na ghafla zile takwimu za nguvu za farasi ulizozisoma ukutani huwa na maana mwilini. Zidisha mlio huo mara kadhaa kichwani, uushushe chini karibu na maji ya Solent, na utakuwa umeikaribia S.6B kuliko mtu aliyesimama chini yake jijini London. Kama ratiba ya siku hiyo ina Gloster Gladiator, ndege ya mwisho ya kivita ya tabaka mbili ya Jeshi la Anga, ambayo nayo ni kazi ya Folland, basi umepata na jibu la kampuni iliyoshindwa Venice: kasi inayozidi kidogo kilomita 400 kwa saa, na mgeuko wa kubana ambao ndege ya mbio isingeweza kuuota.

Kuna mambo ya kuangalia. Maonyesho hutegemea upepo, na ndege kongwe kabisa, za kabla ya vita vya kwanza, hurushwa tu hewa inapotulia, mara nyingi kuelekea jioni. Mtu anayeondoka mapema huzikosa. Hakuna anayeweza kukuahidi kwamba Hind au Miss Kenya itaruka siku yako, kwa hiyo soma orodha inayotolewa kabla ya kununua tiketi, ukijua kwamba inaweza kubadilika. Tiketi za siku za maonyesho si rahisi kwa familia kubwa. Treni za kutoka London husimama Biggleswade, na kutoka hapo zimebaki kilomita chache za teksi au lifti ya rafiki, kwa hiyo panga pia usafiri wa kurudi. Beba koti hata mwezi wa Julai.

Mwenye nafasi ya siku moja tu na aende Old Warden siku ya maonyesho. Mwenye mbili aongeze Southampton, akitumia treni ya Waterloo, na aifikie S.6A kabla ya kupanda Sandringham. London inafaa saa mbili za alasiri ambayo mvua imeharibu mipango mingine, na hapo nashauri usianze na S.6B. Jumba hilohilo linahifadhi Jason, Gipsy Moth ya kijani ambayo Amy Johnson aliirusha peke yake kutoka Croydon hadi Darwin kati ya tarehe 5 na 24 Mei 1930, akiwa mwanamke wa kwanza kufanya safari hiyo akiwa peke yake. Itazame kwanza hiyo, ukague nyaya zake na udogo wa injini yake, ndipo uende kwenye ndege ya Stainforth.